Shupatu la Nane

Kila fomu ya kazi ina mahali pa kuandika mwaka ulioanza chuo na mwaka uliomaliza. Mimi hupajaza haraka, kwa mwandiko mdogo, halafu nangoja. Aliye upande wa pili wa meza husoma, hurudi juu, huhesabu kwa midomo, kisha huniuliza kwa upole wa kuudhi: "Mwalimu, hii si kozi ya miaka minne? Mbona wewe sita?" Nimewahi kujibu kwamba ni mambo ya nyumbani. Nimewahi kujibu kwamba ni karo. Yote mawili ni kweli na hayasemi lolote. Jibu lenyewe ni kwamba ng'ombe alikula mkeka wa mama yangu, na asingeula nisingemaliza kabisa. Lakini hilo nalo huwezi kumwambia mtu aliyeshika kalamu.

Sisi ni watu wa upande wa Ijara, watu wa ng'ombe. Ngamia wana wenyewe, huko juu Wajir na Mandera. Baba alifariki nikiwa darasa la tatu, na mama hakujaliwa mtoto mwingine, kwa hiyo tulibaki wawili na ng'ombe wetu ishirini na kitu. Kwa Kisomali mama ni hooyo, na kwetu mama humwita mtoto wake kwa neno hilohilo, kana kwamba anamrudishia. Nikisema "Hooyo," yeye huitika "Haa, hooyo." Shangazi yangu, dada wa baba, ni eedo, naye huniita eedo. Ndugu wa baba ni adeer, naye huniita adeer. Mgeni akilala kwetu siku mbili hudhani ukoo mzima una majina matatu tu na tunaazimana.

Barua ya chuo ilipofika, adeer alikuja na wazee wawili, wakakaa kivulini nje ya herio, nyumba yetu ya fito na mikeka, wakanywa chai. Adeer hakuwa mtu mbaya. Naliandika hilo mapema kwa sababu najua watu wanavyozipenda hadithi za wasichana wa kwetu zikiwa na baba mdogo mkatili. Huyu aliuza fahali wake mwenyewe ili mimi nianze muhula wa kwanza. Alichouliza ni jambo moja tu, na lilikuwa swali la haki.

"Atakwenda, sawa. Na huyu mama abaki na nani? Mtoto ni mmoja. Atarudi lini?"

Nilisema miaka minne. Mzee mmoja akasema miaka ya shule haiaminiki, yeye alimjua mtu aliyekwenda kwa miaka minne na sasa ana wajukuu Nairobi. Walicheka, nami nikaona barua yangu inaanza kukunjika. Ndipo hooyo, aliyekuwa amekaa pembeni akichambua nyasi za kusukia, akasema bila kuinua macho:

"Naanza mkeka leo. Kila mvua nitasuka shupatu moja. Mashupatu manane yakishonwa pamoja, mkeka umekwisha, na mtoto yuko hapa."

Kwa asiyejua, mkeka wetu wa nyumba si kitu cha kununua sokoni. Husukwa vipande virefu vyembamba, ndiyo mashupatu, kisha vipande hivyo hushonwa ubavu kwa ubavu. Nyasi zake hazioti mpaka mvua inyeshe ya kweli. Mama huzikata zikianza kuchanua, huzichemsha na magome zipate wekundu, huzianika, na zikishatosha mahitaji ya nyumba, kinachobaki hakizidi shupatu moja. Mwaka una mvua mbili. Mbili mara nne ni nane. Mimi mpenzi wa hesabu nilifurahi jinsi jawabu lilivyotoka bila baki.

"Ahadi ni deni," alisema adeer, akawatazama wazee, nao wakaitikia. Mimi nami niliahidi mbele yao. Mkeka ukiisha, narudi kukaa na hooyo, nifundishe shule ya karibu, nimkamulie ng'ombe wake. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nikaahidi kwa wepesi wa mtu anayekubali chai.

Garissa nilikaa kwa eedo, mtaa wa Iftin, katika nyumba ya mabati ya vyumba viwili. Eedo alikuwa akiuza maziwa sokoni, mwanamke wa sauti kubwa na moyo mkubwa zaidi, aliyeamini kwamba mtu akisoma bila kula ataiva kichwa. Alinilisha vizuri, hata hivyo nilikonda. Maziwa ya mjini yalikuwa na harufu ya madumu. Kwetu kibuyu hufukizwa moshi kwanza, na maziwa yakikaa humo huwa na ladha ambayo sikujua kwamba ni ladha mpaka nilipoikosa. Katikati ya somo mhadhiri akiandika ubaoni, mimi nilikuwa nikisikia koo langu likiomba moshi. Nilimtamani hooyo kwa namna ya kunitia aibu, mtu mzima, mwanafunzi wa chuo, nikinusa shuka nililotoka nalo nyumbani.

Kila likizo nilikwenda. Kabla ya kuulizana hali vizuri, hooyo alishusha mkeka kutoka kwenye fito, akaukunjua, nasi tukaupima kwa viganja. Mwisho wa mwaka wa kwanza ulikuwa na mashupatu mawili. Mwisho wa mwaka wa pili, manne. "Nusu," nilimwambia. "Nusu," alisema, akaukunja tena. Nilimwona anafurahi, nami nilifurahi, na sikufikiri kwamba tulikuwa tukifurahia vitu viwili tofauti. Mimi nilifurahi kwamba imebaki miaka miwili nimalize chuo. Yeye alifurahi kwamba imebaki miaka miwili nirudi.

Darasani nilikaa karibu na msichana wa Wajir, hodari kunishinda, aliyekuwa akitatua swali huku akinitania kwa sauti ya chini kwa kujikokota kwangu. Mvua ya kwanza ilipokosa, alinitolea kikokotoo chake, akaniambia nimtunzie, atarudi muhula ujao. Muhula ujao ulikuja, ukapita. Simu yake iliita, kisha ikawa haiiti. Kikokotoo chake ninacho bado, na nimekibadilisha betri mara mbili. Walioondoka namna hiyo walikuwa wengi, hakuna aliyeaga kwa kulia. Wote walisema muhula ujao.

Mvua ya pili nayo haikuja, na zamu yangu ikafika. Ng'ombe walianza kufa kwa hooyo wakiwa wawili wawili, na adeer naye alikuwa na ng'ombe wake wa kuwazika. Nilikwenda ofisi ya chuo kuomba kuahirisha masomo mwaka mmoja, eedo akanifuata na mtungi wake wa maziwa kwa sababu hakutaka niende peke yangu. Fomu iliuliza sababu. Niliandika: ukame. Karani, kijana mstaarabu wa kutoka bara, aliisoma akasikitika.

"Dada, ukame haumo. Chagua hapa chini. Ugonjwa, uzazi, fedha, au nyinginezo."

"Wewe kijana," eedo alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni, ambacho p huweza kuwa b na v kuwa f, "hiyo nyingine ndio yetu. Andika mifuba. Toka hapa nje kidogo tu, tembea barabara ya Masalani, utaona mifuba ya ng'ombe bande hii na bande hii. Huyu mtoto ya ndugu yangu nataka kusoma. Wewe fumilia yeye mwaka moja, halafu fungua mlango."

Karani aliandika "nyinginezo" na akatupigia muhuri. Eedo alimmiminia kikombe cha maziwa papo hapo, akamsimamia mpaka akamaliza.

Mwaka ule nyumbani siupendi kuusimulia. Niliteka maji kwenye kisima cha mbali, nikafundisha shule ya msingi asubuhi kwa malipo ya unga, na jioni nilimsaidia hooyo kuwainua ng'ombe waliolala. Ng'ombe akilala katika ukame hainuki mwenyewe; mmoja hushika mkia, mwingine mabega, mnavuta na kuomba Mungu. Akiinuka leo, kesho mnaanza tena. Watu husema mvumilivu hula mbivu. Waliosema hivyo walikuwa na miti ya matunda. Sisi tulivumilia na mwisho wa mwaka tulibakiwa na ng'ombe wanne.

Mkeka ulibaki juu ya fito na mashupatu yake manne. Hapakuwa na unyasi wa kusukia hata tandiko la paka. Nilikwisha kata shauri kwamba sitarudi chuo, na sikumwambia mtu, nikidhani mtu akiamua kimya haonekani. Asubuhi moja hooyo aliniwekea mfuko wangu mlangoni, umefungwa.

"Mwaka wako wa ruhusa umekwisha," alisema. "Nenda."

"Na wewe?"

"Hapa unanitazama tu nikiwatazama ng'ombe. Hiyo nayo ni kazi? Nenda, hooyo."

Nilikwenda. Nilisoma mwaka wa tatu kwa hasira, ndiyo maana nilipita vizuri. Msaada kidogo wa kaunti, kidogo wa eedo, na vitabu vya kuazima. Sikwenda nyumbani likizo ya katikati kwa sababu nilikuwa nikifundisha watoto wa majirani pale Iftin ili nipate karo. Mvua ya tatu ilikosa, na ya nne ikakosa. Kwa simu, hooyo alikuwa akisema jambo lilelile kila mara: tupo, alhamdulillahi. Alipanda juu ya kichuguu ili mtandao umfikie, na upepo wa pale juu nilikuwa nikiusikia kuliko sauti yake.

Nilipofika nyumbani mwisho wa mwaka ule, ilikuwa imetimia miaka minne tangu ile chai ya ahadi. Hooyo alikuwa amehamisha herio karibu na kisima. Ng'ombe alibaki mmoja, jike jekundu, amesimama kwenye kivuli chembamba, mbavu zake zinahesabika. Tulisalimiana, tukanywa chai ya rangi. Hakuushusha mkeka. Nami sikuuulizia, kwa sababu nilijua hesabu yangu ya miaka imekwisha na ya masomo bado, na nilimsikia adeer mlangoni mwa kichwa changu kabla hajaja.

Alikuja kesho yake na wazee walewale wawili. Alinipa mkono, akaniuliza masomo, akasikiliza kwa adabu. Kisha akasema alichokuja kusema, na hakupandisha sauti.

"Adeer, tuliahidiana hapa. Miaka minne imekwisha. Mama yako anamwinua ng'ombe peke yake, anateka maji peke yake, jana nimemkuta amekaa njiani na dumu. Chuo ni kizuri. Lakini mtoto ni mmoja."

Alikuwa na haki, na hilo ndilo lililoniuma. Bado mwaka mmoja wa masomo, na baada yake somo moja la nyuma lililofundishwa mwaka nilioahirisha na ambalo halijarudiwa. Nilikuwa tayari kusema ndiyo. Naapa nilikuwa nimekwisha fungua mdomo.

"Hatukuahidiana miaka," hooyo alisema. "Tuliahidiana mkeka."

Aliingia ndani, akatoka na mkeka, akaukunjua mbele yao juu ya vumbi. Ulikuwa umepungua upana. Niliukumbuka ukifika mapajani mwangu nikiusimamisha kwa upana. Sasa ulikuwa upana wa mswala. Mashupatu mawili, na ukingo mmoja umechanwachanwa.

"Yalikuwa manne," nilisema. Nilikuwa wa kwanza kusema, na nilisema kama mwizi aliyeibiwa.

"Amekula," hooyo alijibu, akamwonyesha kwa kidevu yule ng'ombe mwekundu.

Hakuna aliyecheka. Ukame ule watu wengi walikuwa wamewalisha ng'ombe nyumba zao. Unachana mkeka, unauloweka kwenye maji yenye chumvi kidogo, unamlisha kwa mkono mpaka atafune. Wazee wale wenyewe walikuwa wakilala chini ya maturubai. Adeer aliinama, akahesabu kwa kidole, moja, mbili, kana kwamba pengine kuna mengine yamejificha.

"Nitakuletea miaa ya mkoma kutoka Masalani," alisema. "Kule mtoni haikauki. Utamaliza mwezi huu huu."

"Mkeka ulioanza kwa nyasi humalizwa kwa nyasi."

"Nyasi ziko wapi?"

"Muulize Mungu. Mimi niliahidi mashupatu manane, haya ni mawili."

Adeer aliwageukia wazee. Mmoja alijikuna ndevu, akautazama mkeka, akamtazama ng'ombe, akasema polepole kwamba neno la ahadi ni lile lililosemwa, na lililosemwa lilikuwa mkeka, na mkeka haujaisha. Wa pili akasema naye amesikia hivyo. Ndipo adeer akaanza kucheka, kicheko cha mtu aliyechoka mwaka mzima, akajifuta macho kwa ncha ya kikoi chake. "Basi rudi shule, adeer," aliniambia. "Ng'ombe amekuongezea miaka."

Walipoondoka nilimuuliza hooyo swali ambalo nimeliuliza moyoni maelfu ya mara tangu siku ile. Alimlisha mkeka kwa ajili ya ng'ombe, au kwa ajili yangu?

"Alikuwa na njaa," alisema, akaenda kumpa maji.

Nilifurahi, na furaha hiyo ndiyo ninayoionea haya. Nilihesabu mihula yangu: sasa inatosha, sasa nitamaliza. Sikuhesabu upande wake. Kila shupatu alilomchania ng'ombe lilikuwa miezi mingine sita ya kuamka peke yake, kuteka maji peke yake, kupanda kichuguu kusema tupo. Hesabu nilisomea, lakini hiyo ilinipita.

Mvua moja zaidi ilikosa, kisha ikaja kwa fujo. Ilinyesha mpaka Tana ikapanda juu ya barabara na malori yakapanga foleni yakitazama maji. Watu waliomlilia Mungu awape mvua sasa walimwomba aipunguze. Huko kwetu nyasi ziliota mpaka kifuani, hooyo akasuka shupatu la tatu. Mimi nilimaliza mwaka wa nne, nikangoja lile somo la nyuma lifundishwe tena, nikalifanya, nikafaulu. Mvua mbili zilipita katika kungoja huko, na mkeka ukafika mashupatu matano. Ndipo nikahitimu, miaka sita baada ya kuanza.

Hooyo hakuja kwenye mahafali. Barabara ilikuwa tope, na tena alisema hajui akae wapi kwenye viti vingi namna hiyo. Eedo alikuja na kanga mpya, akapiga vigelegele mpaka watu wa mbele wakageuka. Joho lilikuwa la kukodi, la kurudisha wiki hiyohiyo. Badala ya kulirudisha nililifunga kwenye mfuko, nikaenda nalo Ijara.

Hooyo alilipokea kwa mikono miwili. Aliligeuza ndani nje, akachunguza mshono.

"Nani alisuka?"

"Mashine."

"Ndiyo maana," alisema. Kisha akalivaa. Lilimfunika mpaka vidoleni, akajitazama chini, akacheka kwa sauti ambayo sikuwa nimeisikia tangu ng'ombe walipoanza kufa. Akachukua kibuyu akatoka nalo hivyohivyo kwenda kumkamua yule ng'ombe mwekundu, ambaye sasa alikuwa na ndama. Alisema ng'ombe naye ana haki ya kuona, maana yeye ndiye aliyekula. Maziwa ya kibuyu chenye moshi yalirukia mkono wa joho. Nililifua Garissa mara tatu na bado karani wa majoho alilinusa, akaniuliza kama kwetu kuliungua moto. Nikamwambia hapana, ni maziwa.

Jioni ile tuliupima mkeka kwa viganja kama zamani. "Matano," alisema. "Bado matatu." Nilimwambia sasa nimemaliza chuo, hakuna haja ya kungoja matatu. Akanitazama kwa mshangao. Ahadi ilikuwa mashupatu manane, na yeye si mtu wa kupunja. "Tafuta kazi kwanza," alisema. "Mimi nasuka."

Kazi ilipatikana Garissa, shule ya sekondari ya wasichana, hisabati. Nilipanga chumba palepale Iftin, karibu na eedo. Nilikuwa na meza yangu, feni yangu, wanafunzi wanaoniita mwalimu. Kwa mara ya kwanza tangu nizaliwe nilikuwa na mwisho wa mwezi. Mvua mbili zikanyesha, nzuri zote mbili, ya tatu nayo ikashuka, na simu ikalia siku moja nikiwa nasahihisha mitihani.

"Hooyo," alisema kutoka kichuguuni, "la saba nimelishona. Nyasi za la nane nimezikata jana."

Nilijua anasema nini. Nilitazama rundo la karatasi mezani. Nilifikiri juu ya shule ya kwetu, ambayo haina nafasi ya mwalimu wa hisabati, na mshahara, na feni. Nilisema nikicheka, kama utani, kwa sababu utani ndio mlango wa watu waoga:

"Hooyo, usilimalize haraka. Nimepata kazi sasa hivi tu."

Upepo wa kichuguuni ulivuma kidogo.

"Nisilisuke?"

"Ngoja kidogo. Mwaka mmoja tu."

"Basi naliacha," alisema. Hakukasirika. Ningemjua kama amekasirika. Aliongeza tu, "Lakini ukitaka kuja, njoo. Mkeka haukukatazi kuja." Nikamwambia inshallah, likizo ikifika. Likizo ilifika nikafundisha masomo ya ziada, kwa sababu wasichana wangu walikuwa nyuma na nilijua mimi kuwa nyuma ni nini. Ni sababu nzuri. Ninazo nyingine nzuri kama hiyo.

Adeer ndiye aliyenipigia. Nilikuwa darasani, nikatoka nje, naye akanitamkia inna lillahi kabla ya jambo lingine lolote, nikajua. Hooyo hakuugua siku nyingi. Kwetu maiti halazwi; nilipofika alasiri walikuwa wamekwisha mzika na udongo bado ulikuwa na rangi mbichi. Nilikaa pale mpaka adeer akaja kunishika mkono. Alisema "twende, adeer," na nilitaka kumwambia kwamba hilo si jina langu, kwamba leo nataka lile jingine.

Ndani ya herio mkeka ulikuwa juu ya fito zake, mashupatu saba yameshonwa kwa uzi mwekundu. Juu yake palikuwa na mganda wa nyasi, zimechemshwa, zimeanikwa, zimefungwa vizuri. Nilizigusa zikapinda bila kukatika. Nyasi zilizokatwa miezi mingi nyuma zilipaswa kuwa kavu kama kuni. Nilimuuliza jirani yetu, mama aliyekuwa akimsaidia kuteka maji.

"Alikuwa akizinyunyizia maji kila Ijumaa," alisema. "Nikamuuliza, mbona husuki, zimeiva? Akasema mtoto hajasema ndiyo. Akasema siku ukisema, hataki zimkatikie mikononi."

Nililia nikiwa nimeukumbatia ule mganda, na hakuna aliyenikataza. Miaka sita nilimwona mama yangu akinipa muda kwa mkono wake mwenyewe, na nilipopata kila nilichokitaka nikaomba mwingine, naye akanipa tena.

Mkeka uko nami Iftin sasa, na mganda. Digrii nimeiweka kwenye fremu ukutani na siwezi kusuka hata kamba ya ndoo. Miaka ambayo msichana hukaa karibu na mama yake akijifunza vidole, mimi nilikuwa nikijifunza mambo mengine, na sijuti, ila najikuta nikivitazama vidole vyangu. Yule ng'ombe mwekundu yuko kwa adeer, amezaa tena. Nikienda kumwona hunitazama akitafuna, nami huwa sijui nimshukuru au nimuulize.

Kila Ijumaa baada ya kazi nafungua mganda, nanyunyizia maji kwa mkebe, naugeuza. Nyasi hazijakatika. Ijumaa iliyopita eedo aliingia akanikuta nafanya hivyo. Amezeeka, sauti imepungua, lakini vidole vyake bado ni vya nyumbani.

"Lete, eedo," alisema, akakaa chini akinyoosha miguu. "Hili ni shupatu moja tu. Wiki mbili nimemaliza, mkeka ukae kama mikeka ya watu."

"Likiisha niende nyumbani," nilimwambia. "Niliahidi. Nitarudi kwa nani, eedo?"

Aliuchukua mkebe mkononi mwangu, akanyunyizia upande niliokuwa nimeuacha.